Mgonjwa Haulizwi Uji

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana ya kwanza ya methali hii ni nzuri na haina mjadala. Mtu aliyelala kitandani amepoteza hamu ya chakula, na ukimwuliza kama atakunywa uji atakujibu kuwa hataki, ama kwa uchovu ama kwa kuona haya kukusumbua. Basi usimwulize. Upike, uupoze, umpelekee. Methali hii imewanusuru wengi, na sina nia ya kuitia dosari pale inapohusika. Lakini nadhani tumeichukua kutoka jikoni tukaipeleka mahali ambapo haikuzaliwa. Bakuli la uji mgonjwa anaweza kulisukuma kando, na hasara ni ya unga na sukari tu. Je, na pale ambapo uji wenyewe ni safari ya kuvuka bahari?

Katika insha hii nataka kuzitazama kazi chache zinazosimulia habari ya mtoto anayesafiri ugenini na mzazi wake aliye mgonjwa au aliyechoka kwa umri. Kazi hizo zimetoka mbali na zimepishana kwa karne nyingi, na sikuzichagua kwa sababu zinafanana. Nimezichagua kwa sababu kila moja inaweza kuulizwa swali moja lilelile: mzazi huyu aliulizwa? Swali hili ni la utu, lakini ni la fani pia. Linatuonyesha nani anashika usimulizi, nani ni mhusika kamili, na nani amewekwa ndani ya hadithi kama mzigo unaobebwa kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Kwa sisi wa pwani, swali lenyewe halitoki vitabuni. India kwetu ni nchi ya jirani iliyo mbali. Wazee wetu waliijua kwa majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Sisi tunaijua kwa hospitali. Ni watu wachache mno wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam ambao hawana jamaa aliyekwenda Chennai, Mumbai au Delhi akiwa na bahasha kubwa ya picha za eksirei kwapani. Utaratibu wake umezoeleka kama utaratibu wa harusi. Kuna barua ya daktari wa hapa na barua ya kukubaliwa kutoka kule. Kuna kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kuna viza ya matibabu kwa mgonjwa, na viza ya msindikizaji kwa jamaa zake, ambao hawaruhusiwi kuzidi wawili. Kabla ya yote hayo kuna mchango: kikao cha ukoo, daftari la majina, simu kwa walio Uarabuni na Ulaya, na mara nyingine shamba au kiwanja kinachouzwa kwa haraka na kwa bei ya chini. Mambo yamebadilika kwa kiasi fulani. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2015, kwa mfano, wagonjwa wengi wa moyo ambao hapo awali wangevushwa bahari wametibiwa nyumbani. Hata hivyo safari hazijakoma, na sidhani kwamba zitakoma karibuni.

Sasa, msomaji, tazama jinsi safari hizi zinavyoandikwa. Sijakutana na riwaya ya Kiswahili iliyoifanya safari ya namna hii kuwa kiini chake. Maandishi niliyokutana nayo ni barua za kuomba mchango, matangazo ya tanzia, na ule wasifu wa marehemu unaosomwa mazishini. Humo kuna kitenzi kimoja kinachojirudia kama kiitikio: alipelekwa. Marehemu alianza kuugua mwezi fulani, akalazwa hospitali fulani, akahamishiwa Nairobi, kisha akapelekwa India kwa matibabu zaidi. Baada ya kuugua, vitenzi vyote viko katika kauli ya kutendwa. Mtu huyohuyo, aya mbili nyuma, alizaliwa, naam, lakini baada ya hapo alisoma, alioa, alifundisha, alijenga, alilea. Tangu siku ya kuugua hafanyi tena, anafanyiwa. Sarufi imemlaza kitandani kabla ya daktari. Wanaoandika hawana nia mbaya, na hawajui kwamba wanasema neno. Lakini lugha inajua, na kazi ya mhakiki ni kuisikiliza lugha hata pale msemaji mwenyewe haisikilizi.

Nikiwa na kitenzi hicho akilini, nianze na kazi ya kale kuliko zote nitakazozitaja, Aeneid ya Virgil, mshairi wa Kirumi aliyefariki mwaka 19 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake cha pili mji wa Troy unateketea, na Aeneas anamtoa baba yake, mzee Anchises, kwa kumbeba mabegani. Picha hii imekuwa maarufu kupita shairi lenyewe. Bernini aliichonga katika jiwe la marumaru mwaka 1618 hadi 1619 akiwa bado kijana, na sanamu hiyo iko Roma mpaka leo: mwana mwenye misuli, mzee aliyekonda juu yake, na mtoto mdogo nyuma. Anayeitazama sanamu bila kulisoma shairi ataondoka akifikiri kwamba hii ni sifa ya nguvu za kijana. Mzee yuko pale kama gunia lililobebwa vizuri.

Shairi halisemi hivyo. Katika shairi, Anchises anakataa kwanza. Ni mzee, mwili wake uliwahi kupigwa na radi ya mungu wao mkuu, na anasema aachwe afe katika nyumba yake; wenye umri wa kuishi waende. Mwanawe analia, mkwe wake analia, naye hatikisiki. Anakubali tu baada ya kuona ishara kwa macho yake mwenyewe, mwali wa moto usiounguza juu ya kichwa cha mjukuu wake na nyota inayokatiza angani, na anazisoma ishara hizo mwenyewe kwa sababu ndiye mjuzi wa mambo hayo. Hapo ndipo anaposema twende. Na akiisha kupanda mabegani hawi mzigo. Mikononi amechukua vitu vitakatifu vya nyumba yao. Safarini anatoa rai, anafasiri utabiri, na mara moja anaufasiri vibaya na kuwapeleka wote Krete, mahali pasipokuwa pao. Virgil amempa mzee haki kubwa kuliko zote apewazo mhusika, nayo ni haki ya kukosea. Anafia njiani, Sicily, kabla ya kufika.

Kuna jambo jingine ambalo sanamu imelificha. Aeneas alipombeba baba na kumshika mtoto mkono, mke wake Creusa alifuata nyuma, na katika vurumai la moto akapotea. Alipogeuka hakumwona. Shairi hili la miaka elfu mbili linajua jambo ambalo vikao vyetu vya mchango hulinyamazia: abebaye mzazi ana mikono miwili tu, na kuna mtu nyuma yake ambaye hakushikwa.

Nije karibu na kwetu. Katika al-Adab al-Mufrad, mkusanyiko wa Imam Bukhari kuhusu adabu, imepokewa kwamba Ibn Umar alimwona mtu wa Yemen akiizunguka Kaaba huku amembeba mama yake mgongoni. Mtu yule akauliza kama kwa kufanya hivyo amemlipa mama yake. Ibn Umar akamjibu kwamba hajamlipa hata uchungu mmoja wa kumzaa. Habari hii imesomwa katika hotuba nyingi misikitini mwetu, na inastahili kusomwa. Ni fupi, haina neno la ziada, na imejenga mizani ambayo upande wake mmoja hauwezi kuinuka kamwe.

Mama katika habari hii hasemi kitu. Siulaumu usimulizi huo, kwa maana shabaha yake ni deni la mwana, na kwa shabaha hiyo umetosheleza. Ninalolitilia shaka ni matumizi yetu. Tumeifanya picha hii kuwa kielelezo cha kila safari na mzazi, tukasahau jambo lililo wazi ndani yake: mama yule alikuwa mahali ambapo kila Mwislamu hutamani kufika. Migongo ilikuwa ya mwana, safari ilikuwa ya mama. Mtu anayembeba mzazi wake kumpeleka mahali ambapo mzazi hakutamani kufika anaweza kuwa na mgongo uleule na jasho lilelile, na bado awe katika habari nyingine kabisa.

Tofauti hii, baina ya mwenye mgongo na mwenye safari, ndiyo iliyonifanya niipende filamu ya Le Grand Voyage ya mwaka 2004. Iliongozwa na Ismaël Ferroukhi, Mfaransa aliyezaliwa Moroko, na ilipata tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji katika tamasha la Venice mwaka huohuo. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Baba mzee, Mmoroko anayeishi kusini mwa Ufaransa, ameamua kwenda kuhiji kwa gari. Mwana mkubwa ndiye aliyekuwa amuendeshe, lakini amenyang'anywa leseni, basi kazi inamwangukia mdogo wake, Réda, ambaye yuko karibu na mtihani wake na ana mpenzi ambaye baba hamjui. Wanavuka Italia, nchi za Balkani, Bulgaria, Uturuki, Siria na Jordan, mwendo wa kilomita zipatazo 5,000. Baba anasema Kiarabu cha Moroko. Mwana anajibu kwa Kifaransa. Kila mmoja anaelewa lugha ya mwenzake na kila mmoja anakataa kuitumia.

Baba huyu hana jina katika filamu nzima. Mwanzoni nilidhani hiyo ni dharau ya mtunzi. Baadaye niliona ni heshima. Réda asingemwita kwa jina, na kamera nayo haimwiti. Lakini ni mhusika kamili kuliko mwanawe. Ndiye anayechagua njia. Ndiye anayeitupa simu ya mwana katika pipa la taka, kitendo cha ukatili mdogo ambacho mtazamaji hakisamehi upesi. Ndiye anayekataa kupumzika katika miji mizuri ya Italia kwa sababu hawakuja kutembea. Katika theluji ya Balkani anaugua hata akafikishwa hospitali, na hapo msuko wa filamu ya kawaida ungegeuka: mwana angechukua usukani wa maamuzi, baba angerudishwa nyumbani kwa ndege, na sisi tungefarijika. Haiwi hivyo. Baba anainuka, na safari inaendelea, kwa sababu si ya mtu mwingine hata mtu mwingine aikatize. Mwana alipouliza kwa nini asingepanda ndege kama watu wengine, baba alimweleza kwamba kadiri njia inavyokuwa ngumu ndivyo inavyomtakasa mwenda njia. Ni fikira ya mtu anayejua anakwenda wapi, na labda anajua pia kwamba harudi.

Wanafika Makka. Baba anaingia katika umati wa mahujaji na jioni harudi. Réda anamtafuta, na anakuja kumpata miongoni mwa maiti. Analia kama mtoto, kisha anauosha mwili wa baba yake. Nimeona watu wakiisifu sehemu hii kwa huzuni yake. Mimi naisifu kwa mpangilio wake. Kwa muda wote wa filamu Réda ni dereva, yaani mtu anayemgeuzia baba uso na kuiangalia barabara. Ni mara ya kwanza anamtazama kwa muda mrefu, na mkono wake unamgusa. Baba sasa hawezi kuamua lolote, na ni hapo tu, kwa haki, anapokuwa wa kutendewa.

Filamu hii ina kasoro. Mzee anabaki kuwa na haki karibu kila mahali, na Réda anakuwa mjinga kidogo kila mtunzi anapohitaji somo. Kwa mfano pale Siria, baba anapompa mwanamke maskini fedha zao chache na mwana anapandwa na hasira, tunajua tangu mwanzo tunatakiwa tusimame upande gani. Na mwishoni Réda naye anatoa sadaka, ili tusikose kuona kwamba amejifunza. Mtoto aliyekatizwa masomo, akanyang'anywa simu, akakatwa na mpenzi wake, alistahili angalau hoja moja iliyo na nguvu sawa na ya baba yake. Ferroukhi amemwuliza mzazi, mwana hakumwuliza.

Kwa hasira ya mtoto yatupasa kwenda kwenye riwaya ya Deborah Levy iitwayo Hot Milk, iliyotoka mwaka 2016 na kuingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Man Booker mwaka uleule. Mwaka 2025 ilitolewa filamu kutokana nayo, lakini mimi nazungumzia kitabu. Sofia ana miaka 25. Ameacha shahada yake ya uzamifu katika anthropolojia na anauza kahawa London. Mama yake, Rose, hawezi kutembea, au hawezi kwa siku fulani, na madaktari wa Uingereza wameshindwa kusema sababu. Basi Rose ameiweka nyumba yake rehani akapata yuro 25,000, na wamekwenda Almería, kusini mwa Hispania, kwa daktari mmoja aitwaye Gómez ambaye msomaji hajui mpaka mwisho kama ni mganga hodari au tapeli. Huku mama akitibiwa, Sofia anaogelea katika bahari yenye viwavi vya baharini vinavyomchoma mwili, anapenda, anaiba samaki sokoni, anakwenda Athens kumwona baba yake Mgiriki ambaye ana mke kijana na mtoto mchanga, na anarudi.

Kila aliyewahi kumwuguza mtu kwa muda mrefu atakitambua kitabu hiki, hata kama hatakiri hadharani. Kuna habari ya maji ambayo nimeisoma mara kadhaa. Sofia anamletea mama yake maji ya kunywa, na kila aletayo siyo. Yana baridi mno, au hayana baridi ya kutosha, au ni ya chupa isiyofaa. Hakuna maji sahihi duniani, na mtoto anajua hivyo, na anakwenda kuyatafuta tena. Sijapata kusoma maelezo mafupi na ya kweli kama hayo juu ya uuguzi. Kwetu tungesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wageni wanaokuja kumjulia hali mgonjwa kwa robo saa huona kanda la usufi kweli. Levy ameliweka kanda hilo mgongoni mwa msomaji mpaka akalihisi.

Lakini kitabu chote ni sauti ya Sofia, na bei ya uamuzi huo inalipwa na Rose. Tunamwona mama kwa macho ya binti aliyechoka, na macho hayo yanamgeuza ugonjwa wake kuwa kitendawili: je, miguu hii ni mibovu au ni kamba ya kumfunga binti? Kitendawili kinavutia, na riwaya inaendeshwa nacho mpaka pale Sofia anapomwacha mama yake katika kiti cha magurudumu barabarani, mahali ambapo malori hupita, ili aone kama atasimama. Rose anatembea. Kisha anatoa habari yake: ana saratani ya umio. Katika kurasa za mwisho mwili uliokuwa kitendawili unakuwa mwili. Wapo watakaosema mtunzi ameokolewa na hila. Nadhani ni kinyume chake. Hapo ndipo riwaya inapojihukumu, kwa kutuonyesha kwamba tuliokuwa tukijadili maana ya ugonjwa hatukuwa tumemsikiliza mgonjwa. Ningependa tu hukumu hiyo ingekuja kurasa mia moja kabla, ili Rose apate nafasi ya kusema kitu zaidi ya malalamiko ya maji. Ndiye aliyeiweka nyumba yake rehani. Safari ilikuwa yake, kama ile ya mzee wa Le Grand Voyage, na hakuna aliyemsimulia hivyo.

Kwa hiyo nina kazi moja iliyompa mzazi safari yake na kumpunguzia mtoto, na nyingine iliyompa mtoto sauti yake na kumpunguzia mzazi. Katika zote mbili nakosa jambo moja ambalo kwa msafiri wa kwetu ndilo zito kuliko yote, nalo ni ukalimani. Rose na Gómez wanazungumza Kiingereza. Mzee wa Kimoroko hana daktari wa kuzungumza naye kwa muda wa kutosha. Lakini mama wa Kiswahili aliyeketi mbele ya daktari wa Kitamili anayesema Kiingereza hana mlango wa kuufikia mwili wake mwenyewe isipokuwa kinywa cha mwanawe. Hilo nalijua kwa sababu nililishuhudia. Mwaka 2011 nilikwenda na mama yangu Chennai. Alikuwa na saratani ya kongosho. Kaka yangu, aliyebaki Mombasa na aliyekuwa ameshika daftari la mchango, alinipigia simu usiku wa kuamkia siku ya majibu akaniambia kwamba lolote litakalosemwa, mama asiambiwe, tumpe moyo. Kaka yangu ni mtu mwema, na maneno hayo yangesemwa na kaka yeyote katika mtaa wetu. Asubuhi, katika ukumbi wa kungojea, kabla hatujaitwa, mama alinishika mkono akasema, "Mwanangu, akisema kumi, nipe kumi."

Daktari alisema kumi. Upasuaji hauwezekani, dawa za saratani zinaweza kuongeza miezi, si miaka, na zitamchosha. Nikampa kumi, neno kwa neno. Mama hakulia. Aliuliza mambo matatu, nami nikayapeleka kwa Kiingereza: kila duru ya dawa ni rupia ngapi, baada ya kila duru mtu hulala siku ngapi, na Ramadhani itamkuta wapi. Daktari alijibu yote, na kwa heshima. Nadhani alifurahi kuulizwa maswali yenye majibu. Mama akahesabu vidoleni. Akasema atapata duru moja hapo, kisha arudi kwake.

Nyumbani uamuzi huo haukupokewa vizuri. Fedha zilikuwa zimechangwa kwa ajili ya matibabu, na wapo waliohisi kwamba mgonjwa aliyekataa nusu ya matibabu amekataa nusu ya upendo wao. Mzee mmoja wa ukoo alisema wazi kwamba aliyechangiwa hana budi kuwasikiliza waliochanga. Sikumjibu, kwa kuwa hapakuwa na adabu ya kumjibu. Lakini tangu siku ile nimeelewa kwamba mchango, pamoja na baraka zake zote, huweza kumnunua mgonjwa bila mtu yeyote kukusudia. Mama aliwarudishia salamu na shukrani, na fedha zilizobaki akaagiza zitumike kwa mgonjwa mwingine wa mtaa. Ramadhani ilimkuta kwake. Alifariki baada ya Idi, katika chumba ambacho alituzalia wawili kati yetu.

Sikuieleza habari hii ili kuithibitisha kama kanuni. Najua hoja za upande wa pili, na zina uzito. Wapo wagonjwa wasiotaka kujua, na kuwalazimisha kumi ni ukatili uleule uliogeuzwa upande. Wapo wazazi ambao wakiulizwa hujibu, amueni ninyi, na husema hivyo kwa utulivu wa moyo. Wapo ambao akili imeshaondoka, na hapo hapana wa kuulizwa. Isitoshe, mtu anaweza kusema kwamba haya ya kuuliza na kuamua ni desturi ya ugenini, na kwamba kwetu mtu si mtu peke yake. Mwili wa mama ni mwili wa ukoo. Hoja hii ya mwisho ndiyo inayosemwa kwa fahari zaidi, nami ndiyo ninayoikubali kidogo zaidi. Anchises hakuwa mtu wa kisasa, na aliulizwa. Mzee wa Kimoroko hakuiga Ulaya, aliishi Ulaya bila kuiiga, na hakuna aliyethubutu kumchagulia njia. Mama yangu hakupata kusoma kitabu hata kimoja kuhusu haki za wagonjwa. Na yule anayejibu, amueni ninyi, naye ameulizwa na amejibu; ametoa amri, na amri yake imetekelezwa. Tofauti yake na asiyeulizwa ni kubwa, ingawa kwa nje safari zao zinafanana mpaka namba ya kiti katika ndege.

Basi, nikiulizwa ni ipi kati ya kazi hizi ambayo msomaji wa Kiswahili aitafute kwanza, nitasema aitafute Le Grand Voyage kwa ajili ya mzee, kisha Hot Milk kwa ajili ya maji, na Aeneid kwa ajili ya yule mke aliyepotea nyuma. Na nikiulizwa ni kazi ipi ninayoingojea, ni ile ambayo bado sijaisoma katika lugha yetu: riwaya ya mkalimani, mtoto aliyekaa baina ya mama na daktari, akiwa na maneno kumi mdomoni na simu ya kaka mfukoni. Mwandishi atakayeiandika hatahitaji kubuni mengi. Vyumba vya kungojea vya Chennai na Mumbai vimejaa watu wetu, na ukikaa humo asubuhi moja utasikia Kiswahili cha Tanga, cha Lamu, cha Unguja na cha Bukavu kikinong'onezwa juu ya bahasha.

Wakati huohuo kuna kazi ndogo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuifanya bila kuwa mwandishi. Siku utakapopewa kuandika tanzia ya mzazi, ukifika kwenye ile sentensi ya India, simamisha kalamu ukumbuke ilivyokuwa. Kama ni kweli alipelekwa, andika alipelekwa. Kama aliulizwa akakubali, andika alikwenda.